Macho kwenye Maziwa

Daktari wa macho hakunisalimia hata siku moja akiwa mbele yangu. Alikuja ubavuni, kimya, mkono ameuinua usawa wa sikio langu, na badala ya kuuliza habari za asubuhi aliuliza, "Ngapi?" Nami, ndoo mkononi na macho yangu mlangoni, nilipaswa kujibu bila kugeuka. Mbili. Nne. Moja. Nikipatia alisema "Ejok noi", yaani vizuri sana kwa Kiturkana chetu, kwa lafudhi mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia Lodwar, akaenda zake.

Wote walisalimiwa hivyo. Mama aliyeuza samaki wa kukausha nje ya lango alijibu huku akifukuza nzi. Askari wa lango alijibu kwa kupiga saluti. Kuna afisa mmoja mkubwa aliyeshuka kwenye gari lake siku moja akakuta vidole vimesimama kando ya shavu lake, akasema "tatu" kabla hajajua anamjibu nani.

Yeye mwenyewe hakupenda kuitwa daktari. "Mimi ni afisa wa kliniki," alisema, "msinipandishe cheo bila mshahara." Lakini mzee aliyetembea siku mbili kutoka malishoni hana pumzi ya jina refu hivyo. Akabaki Daktari.

Mimi nilikuwa mfagiaji pale. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule darasa la saba nikiwa na watatu nyuma yangu: mdogo wangu wa kike, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni. Walipokua kidogo walikuja kunipokea langoni jioni wakiita "Dada! Dada!" na kliniki nzima ikaniita Dada, hata watu walionizidi umri. Nasema hili mapema ili ieleweke kwamba macho yangu hayakuwa yangu peke yangu. Yalikuwa yakitafutia watu wanne chakula.

Ugonjwa aliouwinda Daktari unaitwa glakoma. Wengine husema presha ya macho. Alichoka kuueleza kwa maneno ya vitabuni, akatafuta maneno ya kwetu. "Jicho ni boma," aliwaambia wagonjwa. "Huyu mwizi haingii kwa mlango. Anang'oa miiba ya ua, mmoja mmoja, kule nyuma. Wewe umekaa katikati na mbuzi wako, unawaona wote, unasema boma langu ni zima. Siku unayogundua, ua umekwisha, umebaki na pale uliposimama tu." Kisha aliongeza jambo lililowaudhi: "Na miiba aliyoing'oa mimi siwezi kuirudisha. Naweza tu kumfunga mwizi."

Kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa kumkamata mwizi mapema, na kumkamata mapema kunahitaji kuupima ua kabla mwenye boma hajahisi lolote. Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Daktari alikuwa na haraka katika kila kitu duniani isipokuwa hicho. Chai ikichelewa dakika tano aliteta mpaka birika lione haya. Aliunguza ulimi kila asubuhi kwa kutosubiri ipoe. Miwani yake ilikuwa juu ya paji la uso, naye akiitafuta mezani, chini ya meza, kwenye droo, akitushutumu sisi sote. Lakini mgonjwa akikaa mbele ya mashine, Daktari alivuta kiti, akatulia kama mtu aliyeketi kando ya mtoto mwenye homa. Angeweza kurudia kipimo kimoja mara nne.

Mashine yenyewe ilikuwa kama bakuli kubwa jeupe lililolazwa kwa ubavu. Unaziba jicho moja, unaegemeza kidevu, unakodolea taa ndogo iliyo katikati. Taa nyingine zinamulika huku na huko, hafifu, mara juu, mara kando. Ukiiona mojawapo, unabonyeza kitufe bila kuigeukia. Mwisho karatasi inatoka: palipo peupe unaona, palipo peusi huoni.

Mwanzoni karatasi zetu zilikuwa nyeusi kama sufuria ya harusini. Mzee mmoja mfugaji, anayejua kumtambua ngamia wake kutoka kilima cha pili, alitoka na karatasi iliyosema ni kipofu. Nilikuwa nikipiga deki mle ndani nikaona sababu. Kila taa ilipomulika, aliigeukia. Ungefanyaje? Mtoto wa kwetu anafundishwa tangu anatambaa kwamba kinachosogea pembeni kinatazamwa hapo hapo, maana ni fisi, au ni nyoka, au ni mtu mwenye nia yake. Leo unamwambia mzee mwenye mvi, kitu kinasogea pembeni, usikitazame! Alinong'ona nikamsikia: "Huyu daktari anataka nife."

Bibi mmoja wa kutoka upande wa Kainuk alifanya kinyume. Alishika kitufe akakibonyeza bila kuachia, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Karatasi ikasema anaona hata visivyokuwepo. Daktari alipomuuliza, bibi alinitazama mimi nimfasirie, amekasirika kweli.

"Mwambie alisema nikiona taa nibonyeze."

"Ndiyo, Ata, bibi yangu."

"Ile ya katikati si taa?"

"Ni taa."

"Imewahi kuzimika?"

"Haikuzimika."

"Basi kosa langu liko wapi?"

Nilipomfasiria, Daktari alicheka mpaka miwani ikaanguka kutoka kwenye paji, na hivyo ndivyo alivyoipata siku hiyo. "Ana haki!" alipiga kelele. "Mwambie ana haki kuliko mimi!" Bibi alikunywa chai yetu yote.

Na kuna mzee aliyeona kiegemeo cha kidevu akakidharau. Alitoa ekicholong yake, kile kigoda chetu cha kukalia na kulalia kichwa, akakitia juu ya mashine, akalaza shavu, akapitiwa na usingizi. Daktari hakumwamsha. Alisema mtu aliyetembea kutoka Kaikor ana haki ya kulala popote panapomtosha kichwa.

Nilijifunza kwake kwamba karatasi ina sehemu mbili, na watu wote hutazama ile isiyofaa kwanza. Wanakimbilia weusi. Yeye alianza na pembe ya juu, penye namba ndogo zinazoonyesha mpimwa aligeuza jicho mara ngapi, alibonyeza bure mara ngapi, alisinzia mara ngapi. "Shahidi akija mahakamani," alisema, "unamuuliza kwanza kama alikuwepo. Ndipo umuulize aliona nini."

Shahidi mmoja hakumtosha. Alikuwa na daftari la shule, lenye jedwali la nyuma la hesabu za kuzidisha, na kila mgonjwa alipata humo mistari mitatu: vidole, mashine, mitungi. Vidole ni kama salamu yake, ila kwa utaratibu, jicho moja moja. Mitungi ilikuwa uani. Alitawanya mitungi ya njano ya maji, kigoda, tawi la mwiba, akamwambia mgonjwa apite katikati. Mzee mmoja ambaye mashine ilisema upande wake mzima umekufa alipita bila kugusa chochote. Daktari akakuna kichwa. Akamrudisha mwanzo, akaomba fimbo yake.

"Fimbo yangu?" mzee aliuliza. "Nipite mbele ya wanawake bila fimbo?"

"Kidogo tu, Apa, mzee wangu."

"Na suruali je, unaitaka pia?"

Akaitoa fimbo. Akaangusha mitungi miwili na kukanyaga mwiba. Daktari aliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: FIMBO ILIKUWA INAONA. Kisha akapiga magoti, akamtoa mzee mwiba.

Hakuwa malaika. Alibishana na watu hadharani na kuomba msamaha kwa siri. Aliyetutaka sote tufumbue macho alifumba ya kwake kila alipopanda pikipiki, akimshika dereva kiunoni na kuimba pambio. Alipenda sana samaki wa Longech, lakini walipompeleka huko akamkute samaki ziwani, alikataa kukanyaga mtumbwi, akala ufukweni akiwa amelipa kisogo ziwa.

Siku niliyomwona ana hasira ya kweli alikuja mtaalamu mgeni kukagua kliniki. Alipekua karatasi zetu moja moja, zote na pembe zake mbovu, akazifunga kwa mpira. Akasema kwa upole kabisa kwamba watu wa huku hawapimiki kwa mashine, na kwamba tungefanya vyema kuipeleka mahali itakapofaa.

Mgeni aliposindikizwa, Daktari alirudi ndani. Alikaa. Chai ilikuja, ikapoa, hakuigusa.

"Hawapimiki," alisema. "Mtu anayehesabu mbuzi mia wakiwa wanakimbia. Dada, wewe unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo pale. Nilisimama na fagio nikakumbuka nilivyokuwa mdogo, wazazi wapo, ngamia wapo. Nikasema, "Daktari, wewe unawaambia wasitazame. Kwetu hakuna kazi ya kutotazama. Waambie wakamue."

"Wakamue nini?"

"Ngamia."

Nikamwonyesha. Nilisimama kwa mguu mmoja, nikaupandisha mwingine juu ya goti, nikaweka kopo la sabuni juu ya paja kana kwamba ndicho chombo. Ukikamua ngamia, nikamwambia, macho yako kwenye maziwa. Ukiyaondoa, yanamwagika, na utasimulia nyumbani. Lakini mguu wake wa nyuma unaweza kukurusha, na huo mguu unaujua kila unapotikisika. Hujautazama. Unauona tu.

Alinitazama hivi, kinywa wazi. "Taa ya katikati ni maziwa," alisema polepole.

"Na hizo nyingine ni mguu wa ngamia. Ukitikisika, bonyeza."

Aliruka. Sitanii. Mtu wa miaka hamsini na kitu aliruka juu, akagonga stendi ya dripu.

Asubuhi iliyofuata alikuwepo bibi aliyeogopa mashine, akidhani itamnyonya jicho. Daktari akaniambia nikae mimi kwanza aone haiumi. Nikaziba jicho la kulia, nikaegemeza kidevu, nikakamua. Nikaziba la kushoto, nikakamua tena. Nilifurahi. Nilirudi utotoni kabisa. Nilikaribia kusikia kengele ya mti shingoni mwa ngamia. Bibi akacheka, akakaa, akakamua, na karatasi yake ilikuwa safi pembeni, ya kwanza ya aina hiyo tangu mashine ifike. Tulishangilia kama waliofunga bao.

Kisha Daktari akachukua karatasi yangu ili azilinganishe. Akatazama pembe. Sikugeuza jicho hata mara moja. Shahidi bora kuliko wote. Akashusha macho chini, na shangwe ikamtoka usoni.

Katika jicho langu la kushoto, juu, kulikuwa na upinde mweusi kama nusu ya bangili.

Alinipeleka uani, akanipima kwa vidole, jicho moja moja. Nikapatia vyote. Mitungi, nikapita bila kugusa. Akapima presha, akamulika nyuma ya jicho kwa taa yake, akakaa huko muda mrefu, nikahisi pumzi yake ya chai.

"Miezi yote hii," alisema, "kila asubuhi nimekuuliza ngapi, nawe umejibu sawa. Macho yote mawili wazi. La kulia lilikuwa linalijibia la kushoto. Na hata nikilifunga la kulia, vidole vyangu ni vinene mno kwa tundu dogo kama hilo. Vidole ni salamu, Dada. Nimevitumia kama shahidi."

Nilimuuliza swali moja tu: nitaona mpaka lini? Maana kitinda mimba alikuwa bado anajifunza kuandika jina lake, na nilikuwa nimeapa juu ya kaburi la mama kwamba atavaa joho la kuhitimu nami nitakuwepo nimuone.

"Mwizi ameng'oa miiba mitatu," alisema. "Tone moja kila jioni, bila kukosa. Tumfunge hapo alipo."

Akaniagiza niwalete wadogo zangu wote, kwa sababu mwizi huyu hupenda kurudi kwenye ukoo ule ule. Walikuja Jumamosi wamevaa nguo za kanisani. Wote watatu walikuwa wazima. Kitinda mimba alilia kwa kutopewa dawa kama Dada.

Tangu siku ile Daktari hakunikabidhi fagio peke yake. Mimi ndiye niliyekaa na wagonjwa kwenye mashine, nikiwakamulisha. Karatasi za bure zikapungua mpaka tukasahau zilivyofanana. Aliendelea kuniinulia vidole kila asubuhi, lakini sasa alijua ni salamu, nami nilijua anajua, na tulicheka zaidi.

Baadaye alihamishiwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Wadogo zangu wakakua. Tone moja kila jioni. Wa kike akisahau kunikumbusha, wa kiume alinikumbusha. Presha yangu ilipimwa, ikawa sawa. Halafu mashine yetu ikaharibika, fundi akawa wa kesho na kesho kutwa, na ikapita zaidi ya mwaka bila mimi kujua ua wangu unasemaje. Kitinda mimba alikuwa amebakiza muhula mmoja chuo cha ualimu. Nilianza kujiwekea mitego. Nikigonga ndoo, niliuliza, ni ndoo au ni jicho? Mwaka huu nikasema yatosha. Nikaenda Kakuma.

Nilimkuta chumbani, nywele zimekuwa nyeupe, miwani sasa imefungwa kamba ya shanga alizotungiwa na mgonjwa. Hakuniona, alikuwa na mama wa Kikongo aliyekuwa akigeukia kila taa.

"Mama, ukikaanga mandazi macho yako wapi?"

"Kwa mafuta, Dokta."

"Na mtoto akikaribia moto?"

"Niko namuona tu."

"Bila kugeuka?"

"Nikigeuka si mandazi yataungua!"

"Basi kaanga, mama. Kaanga."

Akasikia kicheko changu mlangoni. Hakuuliza habari za Lodwar. Aliuliza, "Umeleta karatasi ya kwanza?" Nilikuwa nimeileta, imekunjwa ndani ya Biblia.

Nikakaa. Nikaziba jicho la kulia. Karatasi ilipotoka niliiona kabla yake. Upinde ulikuwa umepanuka na kushuka. Jicho la kushoto lilikuwa nusu giza. Nikaona viti vya mahafali, na mimi nimeketi mbele, nikimuuliza jirani yangu kitinda mimba wetu ni yupi.

Daktari hakutazama weusi. Kidole chake kilikwenda kwenye pembe.

"He!" alisema. "Dada!"

"Nini?"

"Umegeuza jicho mara ngapi hapa? Mwalimu wa kukamua amemwaga maziwa yote!"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimezisaka taa moja moja kwa hofu, kama yule mzee na fisi wake.

"Hii si shahidi," alisema, akaichana vipande viwili mbele yangu. "Huyu hakuwepo. Twende tunywe chai."

Aliunguza ulimi. Alinisimulia juu ya bibi wa Kisomali aliyemfundisha yeye namna ya kumkamua ngamia kwa mikono miwili, akisema sisi Waturkana hatujui. Tulibishana nusu saa. Niliporudi kwenye mashine nilikuwa na hasira ya ngamia tu, na sikumbuki nikiogopa. Macho kwenye maziwa. Mguu ukitikisika, bonyeza.

Karatasi ya pili pembe yake ilikuwa safi. Daktari aliichukua pamoja na ile ya Biblia, akaziweka moja juu ya nyingine, akazibandika kwenye kioo cha dirisha ili jua lipite. Upinde ulikaa juu ya upinde. Nusu ya bangili juu ya nusu ya bangili, na hakuna ukingo uliotokeza.

"Miiba mitatu," alisema. "Bado ni mitatu. Nenda ukashone nguo ya mahafali."

Nilimpigia kitinda mimba pale pale, nikashindwa kusema, akadhani ni mabaya, ikabidi Daktari aipokee simu na kumfokea kwamba dada yake ni mzima na asome.

Jua lilikuwa kali nilipotoka. Nilikuwa nikielekea langoni, nikitazama mbele, nilipohisi mtu amenyata upande wangu wa kushoto, mkono juu.

"Nne," nilisema bila kugeuza shingo.

"Tatu," alisema kwa furaha. "Umekosa!"

Nikageuka. Akautazama mkono wake mwenyewe, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akahesabu kidole kwa kidole.

"Ejok noi," alisema. "Nne."